Kutoka barafu ya Ncha ya Kaskazini hadi vumbi la Isiolo: Safari ya mchekeshaji na yale aliyoyaacha njiani

JUMAMOSI ya Julai 20, 1991, ndege ndogo ilizunguka juu ya bahari iliyoganda karibu na Ncha ya Kaskazini ya dunia, rubani akitafuta kipande cha barafu kilicho imara cha kutua. Miongoni mwa abiria wake alikuwamo Michael Palin, mchekeshaji wa Uingereza ambaye kazi yake hadi wakati huo ilikuwa zaidi kuwavunja watu mbavu kuliko kuvumbua nchi.

Miezi michache baadaye, mtu huyo huyo alivuka mpaka wa Ethiopia na Kenya katika mji wa Moyale na kuelekea kusini. Njia ilikuwa moja tu: Marsabit, kisha nyanda kame za Isiolo, na hatimaye Nanyuki chini ya Mlima Kenya. Barafu alikuwa ameiacha nyuma. Kilichomngoja mbele ni mawe na vumbi.

Safari hiyo ilitengenezewa mfululizo wa vipindi vinane vya televisheni ya BBC vilivyorushwa mwaka 1992 kwa jina "Pole to Pole", yaani kutoka ncha hadi ncha. Watazamaji wa Ulaya walicheka na kustaajabu. Hata hivyo, kwa mkazi wa Isiolo, safari ile ina maana nyingine. Inaonyesha jinsi kaskazini mwa Kenya kulivyokuwa wakati huo, na inamwezesha mtu kupima ni kipi kimebadilika na ni kipi kingali vile vile.

Mcheshi aliyegeuka msafiri

Palin alizaliwa mjini Sheffield mwaka 1943. Alipata umaarufu kuanzia mwaka 1969 akiwa mmoja wa kundi la Monty Python, ambalo mizaha yake isiyo na kichwa wala miguu ilibadilisha uchekeshaji wa Kiingereza.

Mwaka 1988 alitumwa na BBC kuizunguka dunia kwa siku 80 bila kupanda ndege, akifuata nyayo za mhusika wa riwaya ya Jules Verne. Kipindi hicho kilipendwa mno kiasi kwamba akapewa kazi ngumu zaidi: kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ncha ya Kusini, akifuata kadiri inavyowezekana mstari wa longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Mstari huo ulichaguliwa kwa sababu unapita juu ya nchi kavu kwa umbali mrefu.

Ufundi wa mchekeshaji katika vipindi vya namna hii ni rahisi kuueleza, ingawa si rahisi kuufanya. Mtaalamu husafiri ili aonyeshe anachojua. Mcheshi husafiri akionyesha asichojua. Hujikwaa, huugua tumbo, hushindwa kutamka majina, na mtazamaji humcheka yeye badala ya kuwacheka wenyeji. Palin alijitwika fedheha hiyo kwa hiari, na ndiyo sababu watu walimpenda.

Baada ya barafu ya Aktiki alipitia visiwa vya Svalbard, Norway na Finland, kisha akaingia Muungano wa Kisovieti uliokuwa katika miezi yake ya mwisho. Alifika Leningrad, Kiev, Chernobyl na Odessa. Kutoka hapo alivuka hadi Uturuki, Cyprus na Misri. Nchini Sudan alipanda gari la moshi kutoka Wadi Halfa kuelekea kusini. Vita vya kusini mwa Sudan vikamlazimu kugeukia Ethiopia, ambako serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa imeanguka Mei mwaka huo huo.

Hivyo ndivyo alivyojikuta Moyale.

Kaskazini mbili

Neno "kaskazini" lina maana mbili zinazokinzana kwa mtu anayetoka Ulaya na yule anayekaa Isiolo. Kwa Mzungu, kaskazini ni baridi, theluji na usiku wa miezi. Kwa Mkenya, kaskazini ni jua kali, ngamia na visima vilivyokauka.

Mji wa Isiolo uko takriban kilomita 40 tu kaskazini mwa Ikweta. Barafu ya pekee ambayo mkazi wake anaweza kuiona kwa macho, siku ambayo mawingu yametawanyika, iko upande wa kusini, kwenye vilele vya Mlima Kenya wenye urefu wa mita 5,199. Kwa maneno mengine, mtu wa Isiolo akitaka baridi huelekea kusini.

Lakini kaskazini hizo mbili zina mambo yanayofanana. Zote ni nchi za wafugaji wahamaji: kule Wasami na kulungu wao wa barafu, huku Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wasomali na ng'ombe, mbuzi na ngamia wao. Zote ziliitwa "tupu" na watawala waliokaa mbali. Na zote zimezoea kusimuliwa na wapita njia.

Hata hali ya hewa sasa inaziunganisha. Barafu ya bahari ya Aktiki imepungua sana tangu mwaka 1991, nayo barafu ya Mlima Kenya imesinyaa hata baadhi ya vipande vyake kutoweka kabisa. Mto Ewaso Nyiro, tegemeo la wafugaji na wanyama wa Isiolo, hupata sehemu ya maji yake kutoka miteremko ya mlima huo. Katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni mbili, wengi wao katika kaunti kame za kaskazini.

Kizuizi cha Isiolo

Msafiri wa mwaka 1991 aliyefika Isiolo kutoka Nairobi alikuwa amesafiri takriban kilomita 280 juu ya lami. Hapo lami ilikwisha. Palikuwa na kizuizi cha polisi, na mbele yake takriban kilomita 500 za changarawe, mawe na makorongo hadi Moyale.

Magari yalisafiri kwa misafara yenye askari waliobeba bunduki kwa hofu ya majambazi. Mabasi yalikuwa machache. Abiria wengi walipanda malori yaliyopeleka unga, sukari na bidhaa nyingine kaskazini na kurudi na ng'ombe wa kuuzwa Nairobi. Aliyekosa nafasi karibu na dereva alipanda juu, akashikilia vyuma vya lori pamoja na utingo, chini yake ng'ombe wakisukumana. Safari ingeweza kuchukua siku mbili au tatu. Mvua ikinyesha, ilichukua muda wowote ambao matope yaliamua.

Kwa mgeni mwenye kamera, mateso hayo yalikuwa kisa cha kusimulia. Yangekwisha akifika hoteli ya kwanza yenye maji ya moto. Kwa mama mjamzito wa Laisamis au Merti aliyehitaji daktari, hayakuwa kisa. Yalikuwa suala la uhai.

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgeni alilala juu ya kitanda hicho siku chache, akaondoka. Wenyeji walikilalia miongo mingi.

Ni katika miaka hiyo ambapo usemi mmoja ulienea kaskazini nzima. Mtu akipanda gari kuelekea Nairobi, husema anakwenda "Kenya". Akirudi, huulizwa habari za Kenya. Wageni huuchukulia usemi huo kuwa mzaha, na kweli husemwa kwa kicheko. Lakini ni mzaha wenye historia ndefu.

Kwa nini lami ilichelewa

Serikali ya kikoloni ya Uingereza iliitenga sehemu hii kwa sheria. Sheria ya wilaya za pembezoni ya mwaka 1902 na ile ya wilaya maalumu ya mwaka 1934 zilimtaka mtu kuwa na kibali ili aingie au atoke. Eneo lote liliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na Isiolo ikawa lango lake. Humo mjini walipewa makao pia Wasomali waliopigana upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na hivyo mji ukawa mchanganyiko wa kabila, lugha na dini tangu utoto wake.

Uhuru wa mwaka 1963 haukufungua lango hilo. Vita vya Shifta, vilivyozuka wakati baadhi ya wakazi walipotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, viliendelea hadi mwaka 1967. Hali ya hatari ilitangazwa. Wafugaji wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari, Garba Tula na Merti vikiwa miongoni mwavyo, na mifugo yao mingi ikaangamia. Familia zilizokuwa na mamia ya ngamia zikabaki mikono mitupu. Sheria za hali ya hatari ziliendelea kuwapo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, yaani takriban wakati ule ule mchekeshaji alipokuwa akipita.

Kulikuwa na sababu ya kiuchumi pia. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, uliokuwa dira ya uchumi wa Kenya huru, ulisema fedha za maendeleo zipelekwe kwanza katika maeneo yenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na miundombinu, ili faida yake isambazwe baadaye kwingineko. Kwa hesabu hiyo, Isiolo na wenzake walipangwa mwisho wa foleni. Ile "baadaye" ikachukua zaidi ya miaka 40.

Kwa hiyo barabara mbovu iliyowachekesha watazamaji haikuwa kazi ya jua na mchanga peke yake. Ilitokana na maamuzi ya watu.

Maji ya Nanyuki

Kipo kisa kimoja katika kipindi cha Palin ambacho kingali kinazungumzwa hadi leo, nacho kilitokea baada tu ya kuiacha Isiolo.

Huko Nanyuki, karibu kilomita 80 kwa barabara kutoka Isiolo, Ikweta inakata barabara. Hapo mwenyeji mmoja alimwonyesha mgeni maajabu. Alichukua chombo chenye tundu chini, akakijaza maji na kuelezea vijiti juu yake. Hatua chache kaskazini mwa mstari, maji yalizunguka upande mmoja yakitoka. Hatua chache kusini, yalizunguka upande wa pili. Juu ya mstari wenyewe, yalitoka bila kuzunguka. Maonyesho hayo yangali yakifanywa kwa watalii, nao hulipa na kupewa cheti.

Wanasayansi wamekitumia kipindi hicho kama mfano wa kosa maarufu. Ni kweli kwamba mzunguko wa dunia hupinda mwendo wa pepo na mikondo ya bahari, na ndiyo maana tufani za nusu ya kaskazini ya dunia huzunguka kinyume na zile za kusini. Lakini nguvu hiyo ni hafifu mno, na karibu na Ikweta hupungua hadi kuwa sufuri. Haiwezi kuamua jinsi maji ya karai yanavyozunguka hatua chache kutoka mstari.

Mwaka 1962, Ascher Shapiro wa chuo cha MIT nchini Marekani alifanikiwa kuiona nguvu hiyo katika maji, lakini alitumia tangi pana, akayaacha maji yatulie kwa saa 24, naye alikuwa mbali sana na Ikweta. Huko Nanyuki, siri iko mikononi mwa mwonyeshaji: jinsi anavyogeuka na kuyamimina maji ndivyo yanavyoanza kuzunguka.

Hakuna aliyedhurika kwa mchezo huo, na anayeufanya anajitafutia riziki. Lakini unafunza jambo. Mpita njia huona kile anachoonyeshwa. Akirudi kwao, hukisimulia kwa uaminifu wote, na mamilioni wakamwamini. Kama karai la maji linaweza kupotosha, itakuwaje kwa habari za jamii nzima zilizokusanywa kwa siku mbili za safari?

Mchezo wa Shaba

Miaka kumi baada ya Palin, Isiolo ilipokea wageni wengine wa televisheni. Mwaka 2001, kampuni ya Marekani iliyotengeneza mfululizo wa "Survivor" ilipiga kambi katika Hifadhi ya Taifa ya Shaba, mashariki mwa barabara ya Marsabit. Ndiyo hifadhi ambamo mwandishi Joy Adamson, aliyepata sifa kwa kisa cha simba Elsa, aliuawa Januari 1980.

Wamarekani 16 walishindana kuvumilia njaa, kiu na hofu ya simba kwa siku 39. Mshindi, Ethan Zohn, alipata dola milioni moja za Marekani. Inafaa kumpa haki yake: mwaka uliofuata alisaidia kuanzisha shirika linalotumia kandanda kuwafunza vijana wa Afrika kujikinga na Ukimwi.

Washindani waligawanywa katika vikosi viwili. Kimoja kiliitwa Boran na cha pili Samburu.

Majina hayo hayakubuniwa na watayarishaji. Ni majina ya jamii zinazoishi nje ya mpaka wa hifadhi hiyo, ambazo kwa miaka mingi zimegombea malisho na maji, wakati mwingine kwa bunduki. Kenya ilikuwa imetoka katika ukame mkali wa miaka ya 1999 hadi 2001. Ndani ya hifadhi, kiu ilikuwa mashindano yenye kamera, mganga na tarehe ya kumalizika. Nje yake, kiu ile ile haikuwa na mshindi.

Haisemwi hapa kwamba watayarishaji walikuwa na nia mbaya. Utalii na filamu huleta fedha na ajira, na Isiolo inazihitaji. Tatizo ni kwamba mtazamaji aliona nyika isiyo na watu, huku wenye nyika wakigeuzwa majina yaliyoandikwa kwenye bendera.

Ramani iliyopinduka

Katiba ya mwaka 2010 iliunda serikali za kaunti na hazina maalumu ya kusawazisha maendeleo, inayotengewa nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma. Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za kwanza kutambuliwa kustahili fedha hizo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 268,002 katika kaunti hiyo.

Barabara nayo ikaja. Sehemu ya Isiolo hadi Merille, takriban kilomita 136, ilitangulia. Zikafuata zile za Marsabit, Turbi na Moyale, zikifadhiliwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika na Umoja wa Ulaya. Kabla ya muongo wa 2010 kumalizika, lami ilikuwa imefika mpakani. Ni kipande cha njia kuu ya bara inayokusudiwa kuunganisha Cairo na Cape Town, karibu njia ile ile aliyoifuata mchekeshaji.

Na hapa ndipo lilipo jambo ambalo hakuna aliyelitabiri mwaka 1991. Wakati ule, Moyale hadi Isiolo ilihesabiwa miongoni mwa sehemu ngumu zaidi za safari nzima. Leo gari huimaliza ndani ya mchana mmoja.

Sehemu zilizokuwa rahisi ndizo zilizofungwa. Msafiri hawezi tena kutoka St Petersburg, iliyoitwa Leningrad, hadi Kiev na Odessa kama alivyofanya Palin, kwani Urusi iliivamia Ukraine Februari 2022. Njia ya Khartoum nayo ilivurugwa majeshi mawili ya Sudan yalipoanza kupigana Aprili 15, 2023. Nyanda za juu za kaskazini mwa Ethiopia nazo zimepitia vita.

Aliyetazama ramani zamani aliiona kaskazini mwa Kenya kuwa mahali ambapo dunia inakwisha. Anayeitazama leo huiona kuwa mojawapo ya vipande vilivyo wazi.

Hilo si kusema matatizo yamekwisha. Lami imeleta mwendo wa kasi na ajali, mifugo hugongwa usiku, na wasafirishaji wa binadamu huitumia njia hiyo hiyo. Wizi wa mifugo haujakoma. Mipango mikubwa iliyozinduliwa Machi 2012 chini ya mradi wa LAPSSET, ukiwamo mji wa kitalii wa Isiolo, imekwenda kwa mwendo wa kinyonga, huku thamani ya ardhi ikipanda na kuzua mizozo.

Lakini faida zaonekana. Wanawake wa Isiolo, wakiwamo wale wa ushirika wa Anolei, hukusanya maziwa ya ngamia kutoka nyikani na kuyasafirisha kwa basi hadi mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi. Maziwa hayasubiri msafara wa polisi, wala hayawezi kukaa siku tatu njiani. Kila saa inayopunguzwa barabarani ni pesa inayobaki mkononi mwa mama.

Nani acheke, nani asimulie

Palin aliendelea na safari yake hadi Tanzania, akavuka Ziwa Tanganyika kwa meli ya Liemba, akapita Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini. Alikosa nafasi katika meli ya kwenda Antaktika kutoka Cape Town, ikambidi aruke hadi Chile ili aifikie Ncha ya Kusini, ambako alitua Desemba 1991. Baadaye alitunukiwa cheo cha heshima na Malkia wa Uingereza, na jina lake likawa kipimo cha msafiri mcheshi.

Hakuna ubaya katika kucheka safarini. Watu wa kaskazini wenyewe ni mabingwa wa utani, na aliyewahi kukaa kijiweni Isiolo kati ya Mborana, Mmeru na Msomali anajua kwamba hakuna kabila linalosalimika. Tofauti ni kwamba mtani wa kijiweni hurudi kesho kukaa na yule aliyemcheka. Hubeba lawama akizidisha. Mpita njia habebi chochote.

Kwa miaka mingi kaskazini ilisimuliwa na waliopita kwa sababu waliokaa hawakuwa na barabara wala kipaza sauti. Sasa redio za kijamii zinatangaza kwa Kiborana, Kisomali na Kiturkana, na vijana hurekodi vichekesho vyao kwa simu za mkononi. Wengi wao hawajawahi kupanda juu ya lori la ng'ombe. Kizuizi wanakijua kwa kusimuliwa na wazazi.

Hata hivyo, baadhi yao wakipanda basi la asubuhi kuelekea Nairobi, bado husema wanakwenda Kenya. Husema hivyo wakicheka, na wazee walio kando yao hutabasamu kidogo tu.